Makande ya shuleni: saa ya kupakua, kipimo na kilichomo chunguni

Mtoto aliyekula ugali jana saa 2 usiku, akaamka alfajiri na kutembea hadi shule bila kutia kitu mdomoni, ikifika saa 4 asubuhi ametimiza saa 14 bila chakula. Ini lake ni dogo, halihifadhi sukari nyingi, ilhali ubongo wake unadai fungu kubwa la nishati ya mwili kuliko wa mtu mzima. Atasinzia, na hesabu yenye hatua nyingi itampotea katikati. Shule inayopakua saa 8 mchana inamlisha wakati vipindi vigumu vimeshapita. Kama michango ya wazazi inatosha mlo mmoja tu, usogezwe saa 4.

Penye uwezo wa uji, watoto 100 wanahitaji unga kilo 4 kwa lita 40 za maji, na sukari kilo 1. Kila mmoja anapata takriban kilokalori 185. Unga ukipungua na maji yakabaki yaleyale, kikombe kinajaa vilevile, na hapo ndipo kamati nyingi hudanganyika.

Kwa makande, kipimo cha mtoto mmoja ni mahindi gramu 150, maharage gramu 40, mafuta gramu 5. Kwa watoto 100 hiyo ni kilo 15, kilo 4 na nusu kilo. Jumla ni kama kilokalori 700 kwa mtoto, karibu theluthi ya mahitaji yake ya siku. Maharage yasipunguzwe: protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na maharage ndiyo yanayoujazia.

Shibe peke yake haitoshi. Kati ya 1998 na 2000, watoto wa shule 12 za Embu, Kenya, walifuatiliwa katika makundi manne: githeri (makande ya Kenya) yenye nyama, githeri na maziwa, githeri yenye mafuta ya ziada, na wasiopewa kitu. Katika jaribio la kufikiri kwa michoro, wa nyama waliwapita wote. Katika hesabu, wa nyama na wa mafuta waliwashinda wasiopewa. Nyama huleta madini chuma na zinki ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, tena husaidia kufyonza chuma cha kwenye maharage. Nyama ni ghali, tunajua. Dagaa wakavu kilo 1 kwa watoto 100, waoshwe mchanga na watiwe dakika 20 kabla ya kuepua, wanaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Kipande cha chungwa au embe baada ya mlo nacho husaidia. Chai ya rangi huzuia chuma, basi isinywewe pamoja na makande.

Jikoni, loweka mahindi na maharage usiku kucha na umwage maji yale. Maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu walau dakika 10. Yakipashwa tu kwa moto hafifu, sumu yake ya asili inabaki na darasa zima linatapika. Magadi huharakisha kuiva lakini huua vitamini B1. Chumvi yenye madini joto itiwe mwishoni, na mchicha dakika chache za mwisho.

Lililo zito zaidi ni sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Kabla ya kupokea mahindi ya michango, tia kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta. Siku ya kupika chambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu. Hizo zisipewe kuku wala kupelekwa kwenye pombe, maana sumu huhamia huko, zifukiwe.