Joto linaloishia dohani: maana yake kwenye boila ya kuni na mafuta

Katika viwanda vya chai vya Kericho, Nandi na Vihiga, mvuke wa kukaushia majani hutoka kwenye boila. Nyingi huchoma kuni. Nyingine zina pia bana, yaani kichomeo, ya mafuta mazito, ya kusaidia kuni zikipungua au zikinyeshewa. Moshi hutokea kwenye dohani, au chimni kama mafundi wanavyosema. Joto ambalo moshi huo huondoka nalo badala ya kuyaachia maji ndilo upotevu wa joto la dohani.

Hauwezi kuisha kabisa. Mvuke wa presha ya baa 10 una nyuzi 184 hivi, kwa hiyo moshi unaotoka kwenye mirija ya boila lazima uwe na joto zaidi ya hapo. Shida ni kipimajoto cha dohani kikisoma 280. Kila nyuzi 20 za ziada hula kama asilimia 1 ya fueli, basi ukiteremka hadi 220 umeokoa kama 3.

Mara nyingi kinachopandisha kipimo ni masizi yaliyojipaka ndani ya mirija. Hapo kinachotakiwa ni burashi, wala si kuni zaidi.

Kisha kuna hewa. Ile isiyohitajika na moto huingia baridi na kutoka ya moto. Boila ya fueli mbili ina mtego wake: bana ikizimwa na kilango chake cha hewa kikaachwa wazi, dohani huendelea kuvuta upepo kupitia hapo, ukipoza tanuri ambalo kuni zinahangaika kulipasha.

Lakini mwizi mkubwa, kwa maoni yangu, ni maji yaliyomo ndani ya kuni, na huyu kipimajoto hakimwoni. Gogo la mkaratusi la kilo 20 lililokatwa juzi linaweza kubeba kilo 10 za maji. Litie motoni utazame: ncha inatoa povu, gogo linafoka, moshi mweupe unatanda. Joto lililogeuza maji hayo kuwa mvuke limeshapaa. Kuni zipasuliwe, zipangwe chini ya paa penye upepo kwa miezi kadhaa.

Wengine hufunga ekonomaiza, ambamo moshi hupasha maji kabla hayajaingia kwenye boila. Ni kifaa kizuri, ila siku ya mafuta mazito usiupoze moshi mno: salfa iliyomo hugeuka asidi na kutafuna chuma cha ekonomaiza yenyewe.