Filamu za bure makumbushoni: yanayosemwa na yalivyo

"Kama ni bure, basi wanaonyesha mabaki." Nimejibiwa hivyo mara nyingi ninapomwalika mtu twende kutazama filamu kwenye makumbusho ya sanaa, na inaniuma, maana anajinyima jioni nzuri kabla hata hajaijaribu.

Bure inaishia mlangoni. Ndani kuna mwenye filamu anayelipwa haki zake, kuna usafirishaji, bima, fundi wa projekta, na wakati mwingine mpiga piano. Gharama hizo hubebwa na wafadhili, ruzuku au mfuko wa makumbusho yenyewe. National Gallery of Art ya Washington, yenye michoro ambayo watu husafiri mbali kuiona, haitozi kiingilio kwa filamu zake. Hayo si mabaki.

Kutokana na neno hilohilo, "bure", huzaliwa dhana nyingine, nayo huwanasa hata watu wenye nia njema kabisa: kwamba pasipo kiingilio hapahitajiki ruhusa. Kikundi kinanunua diski, kinatandaza shuka jeupe ukutani, kinaalika watu. Katika nchi nyingi, sheria ya hakimiliki haiangalii kwanza kama umekusanya pesa, inaangalia kama umeonyesha hadharani. Diski uliyonunua ni ya kutazama wewe na watu wa nyumbani kwako. Ukialika umma, unahitaji leseni. Makumbusho nayo hufungwa na masharti hayohayo. Filamu ya dijitali ya kumbi za sinema kwa kawaida huletwa ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri, unaokubali kwenye mashine iliyotajwa tu, kwa siku na saa zilizokubaliwa. Muda ukipita, faili lipo lakini halifunguki. Kwa hiyo ukiona onyesho lililofurika halirudiwi wiki inayofuata, usiwalaumu waandaaji kwa uvivu.

"Si ningeitazama kwenye simu?" Nyingine ndiyo, tena bila shida. Lakini makumbusho mengi huagiza mikanda yenyewe kutoka kwenye hifadhi za filamu, na hapo ndipo mimi huwahi kiti. Filamu ya dakika 90 kwenye mkanda wa milimita 35 ina urefu wa karibu kilomita 2.5. Hugawanywa kwenye rili, yaani magurudumu ya kuviringishia mkanda, kila moja ikienda kwa takriban dakika 20. Hifadhi nyingi hukataza rili hizo kuunganishwa kuwa mkanda mmoja, kwa kuwa kila ukiunganisha na kukata tena unahatarisha picha za mwanzo na mwisho wa rili. Basi ukumbi unalazimika kuwa na projekta mbili, na fundi wa kuhama kutoka moja hadi nyingine bila mtazamaji kushtuka. Siku ukienda, itazame kona ya juu kulia: kiduara kidogo kitatokea na kutoweka, halafu sekunde chache baadaye kingine. Cha kwanza kinamwambia fundi awashe mashine ya pili, cha pili kinamwambia avuke. Nakala nyingine zimebaki chache mno duniani, na kila safari kwenye projekta inaweza kuziongezea mkwaruzo. Kuonyeshwa nakala ya namna hiyo ni kuaminiwa.

Kuhusu filamu bubu, watu huamini mambo mawili: kwamba zilitazamwa kimya kimya, na kwamba watu wa zamani walionekana wakikimbia-kimbia. Kumbi kwa kawaida zilikuwa na muziki, kuanzia piano moja hadi okestra nzima. Mbio zile nazo ni kosa la mashine. Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, ilhali kasi iliyozoeleka tangu filamu ziwe na sauti ni 24. Tukio la dakika tatu lililopigwa kwa picha 16, likiendeshwa kwa 24, linaisha kwa dakika mbili. Ukumbi makini hurekebisha kasi, na ghafla wale watu wanatembea kama sisi.

Wapo wanaosema filamu ni burudani, mahali pake si makumbushoni. Museum of Modern Art ya New York ilianzisha maktaba yake ya filamu mwaka 1935, ikimkabidhi Iris Barry kazi ya kuitunza, wakati ambapo wengi waliiona filamu iliyokwisha soko kama takataka. Sehemu kubwa ya filamu bubu imepotea kabisa, nyingine kwa moto, kwani mikanda ya nitrati ya enzi hizo ilishika moto upesi. Kuokoa zilizosalia ni kazi ya makumbusho sawasawa na kuokoa mchoro.

Je, lazima uwe msomi wa sanaa? Hapana.

La mwisho ni la tiketi. Bure haina maana ya kuingia muda unaotaka. Wengi huchukua nafasi wasitokee, hivyo kumbi nyingine hutoa tiketi nyingi kuliko viti, na nafasi ya aliyechelewa hupewa aliye kwenye foleni ya kusubiri. Fika mapema. Ukishindwa kwenda, ighairi nafasi yako siku moja kabla, ili mwingine ajue kwamba kiti kipo.