Kurudishwa kwa ugonjwa na likizo ya ugonjwa ni vitu viwili

Akitajwa George Orwell, yule mwandishi Mwingereza, hakosi mtu wa kudakia kwamba jamaa aliwahi kuwa polisi wa kikoloni kule Burma (Myanmar ya leo) "akarudishwa kwao kwa ugonjwa". Burma ni kweli, ugonjwa ni kweli. Hilo la kurudishwa ndilo linalonikera.

Katika utumishi wa kikoloni wa Waingereza, kurudishwa kwa ugonjwa ilikuwa hatua ya kiofisi: bodi ya madaktari inampima ofisa, inaandika kwamba hafai tena kutumika nchi za joto, ajira inakoma, yanabaki mahesabu ya pensheni au kiinua mgongo. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaijua bodi ya namna hiyo mpaka leo.

Likizo ya ugonjwa ni habari nyingine. Daktari anatoa cheti, ofisa anapanda meli, jina lake linabaki kwenye orodha ya jeshi. Akipona anarudi kazini.

Sasa tumtazame mtu wetu. Eric Blair, maana hilo ndilo jina lake halisi, na ndilo alilofanyia kazi, alijiunga na Polisi ya Kifalme ya India mwaka 1922 akiwa na miaka 19. Burma wakati huo ilikuwa mkoa wa India. Akahamishwa kituo hadi kituo, Twante, Insein, Moulmein, mpaka Katha, kaskazini kando ya mto Irrawaddy. Hapo ndipo dengue ilipomshika mwaka 1927. (Kwetu ni kidingapopo, na wapo wanaoamini hata neno dengue chimbuko lake ni Kiswahili.) Dengue inauma viungo kama umetembezewa rungu, na unaweza kukaa hoi wiki kadhaa, lakini kwa kawaida haimkatishi mtu ajira. Ugonjwa wa kuogopwa kwa hilo ulikuwa homa ya mkojo mweusi, ile inayozuka juu ya malaria: aliyenusurika mara nyingi alishauriwa asikanyage tena huko.

Blair alikuwa anastahili likizo mwaka huohuo, na homa ikamfungulia njia ya kuondoka Julai. Septemba, akiwa na familia yake Cornwall, Uingereza, akakata shauri: harudi. Barua ya kuacha kazi aliiandika mwenyewe.

Mwaka 1940 alieleza sababu zake. Afya iliyoharibiwa na hali ya hewa ya kule aliitaja, tena ya kwanza, kwa hiyo wanaosema ugonjwa hawakubuni. Akataja pia hamu ya kuandika vitabu. Ila iliyo kubwa, alisema, ni kwamba hakuweza kuendelea kuutumikia ubeberu aliokwisha kuuona kuwa kwa sehemu kubwa ni utapeli. Bodi ya madaktari haina fomu ya ugonjwa huo.

Kwa hiyo ukitaka kumwandika, andika tu: alikwenda likizo akiwa mgonjwa, kisha akajiuzulu.