Sekunde thelathini, VPN na Starlink: tunayoyaamini kuhusu sheria za mtandao Uganda

Huku Busia, upande wa Uganda, utampata kijana wa boda anayeweza kukusimulia kesi ya hakimiliki ya Oracle na Google mwanzo hadi mwisho: Oracle walidai nini, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua nini Aprili 2021, na kwa nini yeye anaona majaji walikosea. Mwulize kijana huyohuyo sheria ya hakimiliki ya Uganda ilipitishwa mwaka gani, atakutazama tu. Ni 2006. Habari za teknolojia hutufikia kutoka California zikiwa na maoni yake tayari. Tunapokea vyote kwa pamoja, halafu tunaanza kujipima kwa sheria isiyo yetu. Mengi ninayosikia yakisemwa stejini kwa uhakika mkubwa yametokea hapo.

"Nimetumia sekunde thelathini tu, na mwenyewe nimemtaja"

Hakuna ruhusa ya kuchukua sekunde thelathini za wimbo wa mtu katika sheria ya Uganda, wala kumi na tano. Hata ya Marekani haina. Sheria yetu inakubali matumizi ya haki: kunukuu kwa kiasi, kufundishia, kuripoti habari, na matumizi yako binafsi. Ugomvi ukifika mahakamani, jaji anaangalia mambo manne: umeitumia kazi kwa lengo gani na kama kuna biashara ndani yake, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani na kama ulichochukua ndicho kiini, na soko la mwenyewe umeliumiza kwa kiasi gani. Kiitikio cha sekunde kumi kinaweza kuwa ndio wimbo wenyewe. Ukikipiga kwenye tangazo la duka lako la simu, uchache wa sekunde hautakutetea.

Kumtaja mtunzi ni wajibu hata pale unaporuhusiwa kutumia kazi yake, lakini hakukupi ruhusa ambayo hukuwa nayo. Na yale maneno ya "sina nia ya kukiuka hakimiliki" ambayo watu hubandika chini ya video sijui yalianzia wapi. Mwenye kuyaandika anakiri mapema kwamba alijua kazi si yake. Mashine ya YouTube hata haiyasomi. Inalinganisha sauti na picha zako na faili zilizowasilishwa na wenye kazi, basi. Tena video kuondolewa huko si hukumu. Kampuni imefuata kanuni zake pamoja na sheria ya Marekani ya 1998. Unaweza kuondolewa bila kuvunja sheria yoyote ya Uganda, na unaweza kubaki hewani miaka na miaka huku umeivunja.

"Filamu ikishatafsiriwa na VJ ni ya VJ"

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wetu tumo humu. Kila mji wa Uganda una laibrari ya filamu. Kibanda kina kompyuta moja, spika mlangoni, na mabango ya filamu yamebandikwa ukutani mpaka rangi ya ukuta haionekani. Folda kwenye kompyuta hazikupangwa kwa jina la mwigizaji wala la nchi. Zimepangwa kwa jina la VJ, yule anayeisimulia filamu kwa Kiganda juu ya sauti yake ya asili, akitia utani wake na kuwatembeza wahusika wa Hollywood katika mitaa ya Kampala. Mteja anafika, anatoa fleshi.

"Mwanangu, niwekee ile ya Kikorea, sehemu zilizobaki."

"Zimefika mpaka ya kumi na mbili, mama. Nikuwekee zote?"

"Zote. Na moja ya ngumi, ya mzee nyumbani."

Anangoja kidogo, anatoa shilingi zake, anaondoka. Hakuna hata mmoja kati yao anayejiona ameiba kitu.

Mwulize mwenye kibanda, atakuambia kazi ni ya VJ kwa kuwa VJ ndiye aliyeitafsiri. Sheria ya 2006 haisemi hivyo. Kutafsiri ni miongoni mwa mambo ambayo mtunzi ndiye mwenye kuyaruhusu. Tafsiri yenye ubunifu wake inaweza kulindwa kama kazi mpya, lakini hilo haliondoi haki ya mtunzi wa kwanza. Kinachonifurahisha ni kwamba sheria hiyohiyo inamruhusu mtu kutafsiri kwa matumizi yake binafsi. Keti sebuleni umsimulie bibi yako filamu nzima, neno kwa neno, pamoja na utani, huna kosa. Makosa huanza pale kwenye fleshi na shilingi.

Ukimbana mwenye kibanda, atahamia hoja ya pili: Wamarekani wako mbali, watamjuaje? Hiyo ni hoja ya umbali, wala si ya sheria, na nakiri kwamba mpaka sasa imewafaa wengi. Shida yake ni kwamba nyimbo na filamu za Waganda ziko kwenye kompyuta ileile, folda ya pembeni, na wenyewe wanaishi hapahapa. Kwa anayeuza kazi ya mtu bila idhini, sheria ya 2006 iliweka faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Ipo pia hoja ya leseni: "Nimelipa leseni ya halmashauri." Leseni hiyo inakuruhusu kufungua duka. Haisemi lolote juu ya mali iliyomo.

Mimi binafsi naona VJ wamefanya kazi ambayo hakuna kampuni ya filamu iliyowahi kujisumbua kuifanya: wamewapa sinema watu wasiojua Kiingereza wala kuweza kusoma maandishi ya chini ya picha. Kama kungekuwa na mlango wa kuomba idhini kwa bei ya Kampala, nadhani wapo ambao wangeugonga. Lakini hayo ni maoni yangu, na mahakama haihukumu kwa maoni yangu.

"Hujasajili, basi si yako"

Uganda hakimiliki haingoji karatasi. Kazi ikiwa ni ya asili na imeshatoka kichwani, imeandikwa, imerekodiwa au imepigwa picha, inalindwa papo hapo, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Cheti cha URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, ni ushahidi tu wa nani alikuja kwanza. Kisicholindwa ni wazo. Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba "wameniibia wazo la programu ya kuagizia rolex", ile chapati ya mayai, hana kesi ya hakimiliki, hata kama ana haki ya kununa.

Lakini usikimbilie kusema usajili hauna maana. Iangalie kesi ya waandishi dhidi ya kampuni ya akili mnemba (AI) ya Anthropic, ambayo watu wameibishania sana bila kuielewa. Juni 2025 Jaji William Alsup wa San Francisco aliamua kwamba kuifundisha modeli kwa vitabu ni matumizi ya haki. Vichwa vya habari vikapiga mbio: mahakama imeruhusu. Katika uamuzi uleule alisema kwamba kupakua vitabu kutoka tovuti za maharamia na kuviweka kama maktaba ya kampuni si matumizi ya haki. Baadaye mwaka huohuo kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kitabu, na safari hii vichwa vya habari vikageuka: akili mnemba imekatazwa kusoma vitabu. Vyote viwili ni uongo wa haraka. Lile lilikuwa jambo la jaji mmoja na mapatano ya pande mbili, na jaji wa Kampala hafungwi na lolote kati ya hayo.

Sasa angalia nani aliyeingia kwenye malipo. Kitabu kilitakiwa kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka mitano tangu kilipochapishwa, na masharti mengine juu yake. Mwandishi aliyechapia Kampala na hakuwahi hata kufikiria kusajili Washington alikuwa nje ya orodha, hata kama kitabu chake kilikuwa ndani ya lundo. Kitabu ni chake, hilo hakuna anayelikataa, ila fedha zilikwenda kwa wenye usajili. Ukiwa na kitabu kinachouzwa Amazon, hilo ni la kulifikiria mapema.

"Wakizima intaneti, mimi nina VPN"

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti ilizozihusisha na kitengo kimoja cha Wizara ya TEHAMA. Tangu hapo watu wamezoea kuiingia kwa VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mahali pengine, na mazoea hayo yamewafanya waamini VPN inafungua kila kitu. VPN hupita juu ya intaneti iliyopo. Tovuti moja ikizuiwa, VPN huizunguka. Intaneti yote ikizimwa, haina pa kupita.

Na kuzima kwenyewe hakufanyiki kwa kukata nyaya, kama wengine wanavyosimulia. Tume ya Mawasiliano, UCC, huandikia makampuni yenye leseni, na makampuni ndiyo yanayozima mitambo yao. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 13 Januari 2021, na ndivyo ilivyokuwa tena tarehe 13 Januari 2026, mara zote mbili siku moja au mbili kabla ya kura. Sisi wa mpakani tuna bahati yetu: mwenye laini ya Safaricom anayeshika mawimbi ya ng'ambo yuko kwenye mtandao wa Kenya, na barua ya UCC haifiki huko. Wa Mubende hana bahati hiyo.

Kabla ya uchaguzi wa 2026 wengi walipakua Bitchat, programu ya kutumiana ujumbe, wakidhani wamepata mtandao usiozimika. Kweli haihitaji intaneti, hutumia Bluetooth, lakini ujumbe huruka kutoka simu hadi simu iliyo karibu. Utafaa sokoni au kwenye mkutano. Kutoka Busia hadi Kampala ungehitaji mnyororo wa simu zenye programu hiyo njia nzima, pamoja na msitu wa Mabira.

Halafu kuna Starlink, intaneti ya satelaiti. "Satelaiti iko angani, serikali itaifikiaje?" Serikali haikuhitaji kuifikia. Kampuni inajua kila sahani iko nchi gani na inaweza kuizima kutoka huko iliko. Haikuwa na leseni Uganda, UCC ikataka izime, na Januari 2026 ikazima. Waliovusha vifaa kimyakimya wakabaki na sahani juu ya paa.

"OTT walishaiondoa"

Waliondoa jina. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp na wenzake ilianza Julai 2018, na watu wakaikwepa kwa VPN kiasi kwamba mwaka wa kwanza mamlaka ya mapato, URA, ilipata takriban bilioni 50 badala ya bilioni 284 zilizotarajiwa. Julai 2021 ikafutwa, na ikaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Huu VPN haiukwepi, maana umeshaulipa kabla hujaiwasha.

"Kifungu cha 25 kimefutwa, semeni mtakacho"

Hili ni la hatari kuliko yote hapo juu, kwa sababu gharama yake ni jela. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kile kilichozungumzia mawasiliano ya kukera. Watu wakashangilia kana kwamba sheria nzima imekwenda. Hukumu ile haikugusa marekebisho yaliyosainiwa Oktoba 2022, yenye makosa ya kusambaza taarifa za nia mbaya na kauli za chuki, ambayo yalipingwa kwa kesi zake yenyewe. Kwa marekebisho hayo, Julai 2024, mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 miaka sita kwa video ya TikTok iliyomtukana Rais. Alikiri kosa na kuomba msamaha. Miaka sita ilibaki palepale.

Wanaojitetea kwa "uhuru wa kusema" jinsi walivyousikia kwenye video za Wamarekani wananukuu katiba ya watu wengine. Yetu inautaja uhuru huo katika ibara ya 29 na kuuwekea mipaka katika ibara ya 43, na mabishano yote mahakamani huwa juu ya mipaka hiyo.

"Makampuni makubwa hayaguswi na sheria yetu"

Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, baada ya malalamiko ya watu wanne, iliamua kwamba Google ilivunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 kwa kukusanya taarifa za watu wa Uganda bila kujisajili, ikaipa siku 30 ijisajili. Utetezi wa kutokuwa na ofisi Uganda haukukubaliwa, maana sheria inamfuata yeyote anayeshughulikia taarifa za raia wa Uganda, hata akiwa nje. Mlango huohuo uko wazi kwa mwenye malalamiko dhidi ya programu ya mikopo inayopigia simu ndugu zake wote. Ofisi hupokea malalamiko na kuchunguza. Anayetaka fidia anakwenda mahakamani.