Muhogo haujitunzi: tunayoamini juu ya mizizi, na yaliyo kweli

Sokoni Soroti, mashariki mwa Uganda, kwenye safu ya makopa (vipande vya muhogo mkavu), mnunuzi mzoefu haangalii kilichopangwa juu ya gunia. Anazamisha mkono hadi chini, anachomoa kipande na kukivunja. Kikilia "ka!" kimekauka. Kikipinda, muuzaji anashusha bei kabla hajaambiwa neno. Na wakati pesa inahesabiwa, ndipo utasikia porojo zote za muhogo na viazi, zile zile kila msimu.

"Muhogo haufi, unajitunza wenyewe."

Katika zote, hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Muhogo huvumilia ukame na udongo hafifu, na unaweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi ukikusubiri. Ila jua si adui wake pekee. Mwaka 1988, kaskazini mwa Luweero, majani ya mihogo yalianza kujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ilikuwa batobato, ugonjwa wa virusi, lakini kali kuliko ile wazee waliyoizoea, maana virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa aina mpya. Mbebaji wake ni nzi weupe, wadogo mno: tikisa jani uone wanavyopeperuka kama unga. Ugonjwa ukawa unasonga kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Ulipofika Teso, huku kwetu Soroti, ulikuta watu ambao ng'ombe wao walikwisha kuporwa, na muhogo ndio uliokuwa akiba iliyobaki. Wengi waliacha kabisa kuulima. Uliporudi mashambani, ulirudi kwa aina mpya zilizotoka kwa watafiti wa mazao wa kituo cha Namulonge, mafungu ya mashina yakipita kwa wakulima mkono kwa mkono.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2004 ukaonekana ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ulijulikana Tanganyika tangu miaka ya 1930, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa pwani na nyanda za chini. Nchini Uganda ukajitokeza juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Huu ni mnafiki. Shamba linaweza kupendeza kwa macho, majani tele, ukichimba na kukata mzizi unakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Hauliwi, hauuzwi. Tena husafiri ndani ya mashina tunayopanda, kwa hiyo jirani anayekupa mbegu bure kwa moyo safi huenda anakupa na ugonjwa. Hata aina ya muhogo iitwayo NASE 14, iliyosifiwa kwa kuistahimili batobato, si ngao dhidi ya michirizi.

"Hayo huzipata nchi ndogo za visiwani, sisi ardhi tunayo."

Samoa, kisiwani huko Pasifiki, walitegemea magimbi kwa chakula na kwa kuuza nje, na karibu yote yalikuwa ya aina moja. Mwaka 1993 uliingia ugonjwa wa majani, na biashara ya kuuza magimbi nje ikaporomoka kwa muda mfupi sana. Walipopona, walipona kwa kuchanganya aina, zikiwemo zilizoletwa kutoka visiwa vingine. Ukiweka kisa hicho kando ya kile cha Teso, unaona ni kile kile. Ukubwa wa nchi haukumzuia nzi.

"Tani zimeongezeka, basi chakula kimeongezeka."

Hapa hata wasomi huteleza. Takwimu za "upatikanaji wa chakula" kwa kila mtu hazipimi kilichoingia mdomoni. Huchukuliwa mavuno, huongezwa kilichoagizwa nje, hutolewa kilichouzwa nje, mbegu, chakula cha mifugo, kinachokwenda viwandani na kilichoharibika, kisha hugawanywa kwa idadi ya watu. Muhogo mbichi huanza kuharibika siku 2 au 3 baada ya kuchimbwa, na kinachoozea kwenye lori lililokwama matopeni mara nyingi hukisiwa tu. Pili, zaidi ya nusu ya muhogo mbichi ni maji. Kilo 3 hivi ndizo hutoa kilo moja ya unga, kwa hiyo kulinganisha tani ya muhogo na tani ya mahindi ni kujidanganya. Tatu, vinywa. Sensa ya Uganda ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, ya 2024, milioni 45.9. Mavuno yakibaki pale pale, sahani ya kila mtu imepungua, ijapokuwa mchoro wa jumla hauonyeshi mteremko wowote.

(Na matoke si mizizi. Kwenye takwimu hizo ndizi zina safu yao, ingawa mtu wa Buganda akisema "emmere", yaani chakula, huna haja ya kuuliza: anamaanisha matoke.)

"Muhogo mchungu? Uchemshe sana tu, sumu inaisha."

Si hivyo. Muhogo hutoa sayanaidi pale unaposagwa, kukwanguliwa au kulowekwa, kwa kuwa hapo kimeng'enya chake hukutana na kile kinachobeba sumu, nayo huvukia au huondoka na maji. Ukitumbukiza vipande vikubwa kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya hufa mapema na sehemu ya sumu hubaki. Bibi zetu waliokuwa wakiloweka siku kadhaa kabla ya kuanika walijua wanachofanya. Septemba 2017, huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua kwa sayanaidi ya unga wa muhogo, wawili wakafa. Ukame nao huongeza sumu, yaani inazidi wakati ule ule ambao njaa inatufanya tuharakishe.

"Viazi vya rangi ya chungwa vimetiwa dawa."

Rangi ile ni ile ile ya karoti, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Aina kama Kabode na Vita zilipatikana kwa kuzalisha mmea na mmea, njia ya kawaida kabisa, na Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya namna hiyo. Gramu 125 hivi, kiazi kimoja cha kiasi, humtosha mtoto mdogo kwa siku. Lawama ya kweli ni kwamba baadhi ya aina hizo ni laini mdomoni, na sisi tunapenda kiazi kikavu chenye unga. Hilo ni suala la ladha, na wazalishaji wa mbegu wanalijua.

Kuna anayesema pia muhogo hunyonya udongo kuliko mazao yote. Kwa nitrojeni na fosforasi, mahindi hula zaidi. Potasiamu ndiyo muhogo huchukua kwa wingi, hasa mashina yasiporudishwa shambani.

Sasa, kwa anayechimba mwezi huu na anataka mbegu ya mvua zijazo: usikate mashina yote ukayarundika pamoja. Chimba shina moja moja, kata mizizi yake katikati, tazama. Shina lenye mizizi ya nyama nyeupe safi, na majani yasiyo na mabaka, liweke kivulini. Hiyo si kinga kamili, lakini ni tofauti kubwa na kupanda kwa kubahatisha. Lile ambalo mizizi yake ina madoa, hata likiwa nene na refu kiasi gani, lipeleke jikoni ukawashie moto.