Mbegu ya ua la bluu haioti mpaka uikwaruze

Wiki iliyopita mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, kanipigia simu, "kaka, mbegu zako mbovu, wiki ya tatu hii namwagilia udongo tu." Nikamwomba afukue moja aishike. Akasema ngumu vilevile kama kokoto. Basi nikajua haijafa, ni maji tu hayajaingia ndani hata tone.

Naongelea ule mmea unaotambaa wenye maua ya bluu, kitaalamu Clitoria ternatea, ule ambao maua yake unaweka kwenye maji ya moto yanakuwa bluu, ukikamulia limao yanageuka zambarau. Ni jamii ya kunde, ila ganda la mbegu yake halipitishi maji. Kule porini hiyo ndo kinga yake, zinaota chache chache kila mvua, ili jua kali likipiga baada ya mvua ya kwanza kisife kizazi chote. Sasa wewe una mbegu 10 kwenye bahasha, utasubiri mvua ngapi?

Mimi hapa kitaluni Nyegezi nachukua msasa laini nasugua mbegu upande wa mgongoni, mbali na kile kikovu iliposhikia kwenye ganda la tunda, maana mzizi unatokea jirani na hapo na ukiujeruhi mche umeshauua. Ukiona weupe kidogo acha, usizame ndani. Afu loweka kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zimekunywa, panda siku hiyohiyo, ambazo bado ndogo zirudishe kwenye msasa, usizitupe jamani, nyingi ni nzima kabisa.

Panda moja kwa moja kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, kina cha sentimita 1 hadi 2, kwa sababu mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Wiki moja au mbili unaona kichwa.

Udongo wetu wa kichanga wa huku kwenye mawe unaufaa maana hautuamishi maji, ongeza mboji kiasi basi. Urea, ile mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, achana nayo. Mizizi ina vifundo vyenye bakteria wanaoupatia mmea naitrojeni kutoka hewani, ukirundika mbolea ya kukuzia unapata majani mazito, maua unayatafuta kwa tochi.

Kingine kinachoniuma, nyumba zetu za mlimani watu wanaupanda chini ya jiwe kubwa wakitegemea ulikwee jiwe wenyewe. Haulikwei! Hauna vikucha vya kung'ang'ania, shina lake linajisokota, kwa hiyo lazima lipate kitu chembamba cha kuzunguka, kamba ya katani, fito, senyenge. Na jiwe likishika jua la mchana linatoa joto mpaka usiku, so uweke mbali nalo hatua moja hivi na ufunike shina kwa nyasi kavu.

Ukipanda vuli ikianza, Oktoba, mwaka mpya unakukuta na maua. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti kagua chini ya majani, ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba hao ni utitiri, wapige maji kwa nguvu kila baada ya siku mbili.

Maganda ya matunda yakianza kuwa ya kahawia vuna asubuhi uyaweke kwenye mfuko wa khaki, maana yakikauka sana yanapasuka na mbegu zinarukia huko majanini.