Ukame ni nini hasa, na kwa nini mvua inanyesha kwa jirani halafu kwako inapita?

Taarifa inasema eneo lenu lina ukame, unafungua mlango unakuta dimbwi. Au kinyume chake, simu inakwambia leo imenyesha milimita 40 na wewe hapo ulipo vumbi linakupiga usoni. Hamna anayedanganya. Mmoja anaongelea mvua ya leo, mwingine anaongelea hesabu ya miezi, na kwenye zile pwani za nusu-tropiki hivi vitu viwili vinaachana kweli kweli.

Tuanze na neno lenyewe. Ukame siyo kutonyesha tu, maana jangwani hakunyeshi na hakuna anayeshtuka, ndo hali yake ya siku zote. Ukame ni upungufu, yaani sehemu imepata maji machache kuliko kawaida yake yenyewe, tena kwa muda mrefu, mpaka udongo na mimea na visima vinaanza kuonyesha. Kwa hiyo mahali palipozoea milimita 1,400 kwa mwaka pakipata 1,000 pana ukame, wakati kwingine hiyo 1,000 ni neema watu wanasherehekea. Mi huwa nauona kama deni, ukilipa kidogo siku moja deni halijaisha, limepungua tu.

Sasa nusu-tropiki. Ni ule ukanda wa karibu digrii 25 hadi 35 kutoka ikweta, kaskazini na kusini. Kwenye digrii 30 hivi hewa iliyopanda kule ikweta huwa inashuka, na hewa inayoshuka inakausha, ndo maana Sahara iko pale ilipo. Ila pwani za mashariki mwa mabara zina bahari ya uvuguvugu pembeni, kwa hiyo kiangazi, yaani miezi yao ya joto, zinapata mvua nyingi tu: Florida kule Marekani, Durban ya Afrika Kusini, Brisbane ya Australia, kusini mwa Brazil. Ni sehemu za kijani, watu hawazifikirii kabisa ukisema ukame, lakini upo.

Nichukue Florida maana mfano wake uko wazi. Mvua nyingi inashuka kuanzia katikati ya Mei mpaka Oktoba, halafu Novemba mpaka Mei mwanzoni ni pakavu, na ukiingia mwaka wa La Niña, yaani maji ya bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yakiwa ya baridi kuliko kawaida, huo msimu mkavu mara nyingi unakuwa mkavu zaidi. Mvua za masika yao hazitoki kwenye wingu moja kubwa lililofunika mkoa mzima. Asubuhi jua linapiga, nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hewa inapanda, upepo wa baharini unaingia kujaza nafasi, na kwa sababu Florida imetokeza baharini kama kidole, upepo unaingia pande zote mbili, ukikutana katikati hewa haina pa kwenda ila juu, mawingu yanavimba na mchana radi zinaanza. Wingu moja la namna hiyo lina upana wa kilomita chache tu, linaishi nusu saa au saa nzima, na ndani ya muda huo linaweza kumwaga milimita 50 mtaa huu, mtaa wa pili wakaishia kusikia ngurumo.

Upepo mkubwa wa siku hiyo ukitokea mashariki, mawingu yanasukumwa pwani ya magharibi na wa mashariki wanabaki wanatazama. Upepo ukikaa hivyohivyo wiki mbili tatu, tayari kuna watu wameanza kudaiwa katikati ya msimu wa mvua. Hata ziwa Okeechobee, lililo hukohuko Florida, lina mchango wake, mchana maji yake yana ubaridi kidogo kuliko nchi kavu kwa hiyo juu yake mara nyingi mawingu hayajengeki, ukitazama picha ya setilaiti unaona kama tundu.

Hapo ndo wastani unapotudanganya. Vituo vinne, kimoja kimepata milimita 80 na vitatu sifuri, wastani ni 20, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona hiyo 20.

Kuna kipimo kimoja cha ukame nakipenda, walikitoa Keetch na Byram, watafiti wa Marekani, mwaka 1968 kwa ajili ya watu wanaopambana na moto wa misitu. Kinaanzia 0, udongo umeshiba, mpaka 800, ambayo ni kama udongo umepungukiwa inchi 8 za maji, milimita 200 hivi. Raha yake ni kwamba mvua ikishuka, milimita 5 za kwanza hazihesabiwi, zinachukuliwa kuwa zimeishia kwenye majani na juu juu. Kwa hiyo rasharasha ya milimita 4 leo, kisha kukakauka, kisha 4 nyingine, kwenye hesabu ni bure kabisa. Na ile mvua ya inchi moja iliyowafanya watu waseme ukame umeisha? Inapunguza pointi 80 hivi. Ulikuwa 650, sasa uko 570, na kiangazi joto na mimea vinanyonya kila siku, mvua isiponyesha tena baada ya wiki chache umerudi ulikotoka. Udongo wa kichanga, ambao pwani ndo umejaa, haushiki maji mengi.

Kama unataka kujua ya kwako, weka kipimamvua mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hesabu rahisi.

Kitu cha mwisho kinachosahaulika ni chini ya ardhi. Majani yanaweza kuwa kijani na visima bado viko chini, maana maji ya chini yanachelewa kupungua na yanachelewa kurudi. Pwani hilo ni balaa zaidi kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya chumvi, na kwa hesabu ya kawaida kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inaizuia chumvi mita 40 hivi kwenda chini. Ukame ukishusha ile mita moja, chumvi inapanda taratibu, na ikishaingia kisimani mvua ya wiki moja haiitoi.